Siku tisa na sindano ya kujalidi

Siku ya kwanza: Dar es Salaam hadi Kizimkazi

Kazi yangu ni kujalidi vitabu. Nina kichumba Kariakoo nyuma ya duka la vitambaa, na mezani kwangu huja Biblia zilizokatika mgongo, Misahafu iliyoachia uzi, vitabu vya nyimbo vilivyolowa mvua na madaftari ya madeni ya wenye maduka. Misahafu siigusi. Baba yangu ni Mwanglikana wa Muheza, mama Mdigo wa Tanga, nami nilibatizwa. Kijana ninayefanya naye kazi ndiye anayetia udhu na kuishona, mimi nakaa pembeni namwelekeza sindano ipite wapi. Tumekwenda hivyo miaka kumi na moja. Siku moja mteja mmoja, bibi wa Kikristo, akacheka alipotuona: "Kumbe nyie kitabu cha mwenzenu mnakijua kwa mgongo tu." Maneno yale yakanikaa. Mwaka huu nikafunga duka siku tisa, nikaenda kutazama vitabu hivi vilifikaje pwani yetu na vilipita mikononi mwa nani.

Boti ya asubuhi hadi Unguja, kisha daladala hadi Kizimkazi Dimbani. Kwa nje msikiti wa kale wa hapa utaupita usiugeuzie shingo: paa la bati, kuta nyeupe, mbuzi wawili kivulini. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18. Lakini ukivua viatu ukaingia, kwenye kibla kuna maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, yaliyochongwa katika mawe ya matumbawe, na tarehe yake ni mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Herufi zimesimama wima kama makuti, ncha zake zimejikunja maua. Wapo wanaokwenda Kizimkazi kwa ajili ya pomboo tu. Shauri lao.

Mwangalizi, mzee mwenye kofia ya viua, alisimama mbele ya kibla akaanza kusoma aya polepole, kidole kikifuata jiwe. Mimi niliwahi kusomeshwa alifu-bee-tee na bibi yangu mzaa mama, Tanga, kabla baba hajanihamishia shule ya misheni, nikajaribu kumfuatisha. Sikuambulia hata herufi moja. Nikamuuliza anasomaje maandishi magumu namna ile.

"Sisomi, mwanangu. Naijua."

Nilikaa barazani nikaliwaza jibu lile hadi magharibi. Mtume Muhammad alipofariki mwaka 632, Kurani ilikuwa vifuani mwa watu, na vipande vyake viliandikwa kwenye ngozi, mifupa na makuti ya mitende. Khalifa Abubakari alimtuma Zaid bin Thabit aikusanye. Baadaye Uthman, aliyetawala 644 hadi 656, akaamuru nakala za mfano zipelekwe miji mikubwa na zinazotofautiana nazo ziondolewe. Na maandishi ya nakala za kale hayakuwa na irabu, nukta zilikuwa chache au hazipo kabisa. Bee, tee na thee zilifanana. Asiyeihifadhi hawezi kuisoma. Kumbe yule mzee hakuwa akinidanganya wala kujidanganya: andiko lilikuwa la kumkumbusha anayejua tayari.

Siku ya pili: Mkunazini

Kanisa Kuu la Kianglikana limesimama palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa. Aliyelijenga ni Edward Steere, aliyefika Unguja 1864 na baadaye akawa askofu. Upande wa mlango mkuu kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini na mafundi hawakuwa wamewahi kuona nguzo za namna hiyo. Alifariki 1882, kaburi lake liko nyuma ya madhabahu.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya herufi za risasi, zile za kupigia chapa. Misheni ilikuwa na kiwanda kidogo cha chapa, na baadhi ya waliofundishwa kupanga herufi ni vijana waliokombolewa majahazini. Hebu fikiria. Mtoto amechukuliwa Nyasa au Uyao, akafika pwani bila kujua Kiswahili, akakombolewa, akafundishwa Kiswahili, kisha akapewa kisanduku cha herufi apange neno moja baada ya jingine, tena kinyumenyume, kwa sababu herufi ya risasi husomwa kama kwenye kioo. Agano Jipya la Kiunguja lilikamilika 1879, Biblia nzima mwanzoni mwa miaka ya 1890, Steere amekwisha kufa. Majina ya wale vijana hayapo kwenye jalada.

Na maneno yenyewe Steere aliyapata wapi? Kwa watu wa mji, na mji ulikuwa wa Kiislamu. Sala, dhambi, imani, malaika, nabii, injili, zaburi: yote yalishakaa midomoni mwa Waswahili muda mrefu kabla ya meli ya misheni. Hata kanisa na msalaba ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Mkristo wa Muheza akifumba macho na kuomba asamehewe dhambi, anaomba kwa neno alilopewa na mwalimu wa chuoni. Baba yangu hapendi nikisema hivi.

Ila jambo linarudi upande wa pili pia, na hapa wengi hushtuka nikiwasimulia. Tafsiri ya kwanza ya Kurani nzima kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1923, na mfasiri ni Godfrey Dale, padri wa misheni hiihii ya Unguja. Hakuifasiri kwa kuipenda. Aliwaandikia wahubiri Waafrika ili wajue wanabishana na nini, akatia maelezo yake ya kuikosoa. Masheikh walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini hasira ile ilikuja kuzaa kitu. Nitafika huko nikifika Mombasa.

Jioni nilipita Hurumzi, kengele za hekalu la Wahindu zikilia. Rigveda ilitungwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita na kwa karne nyingi haikuandikwa. Wanafunzi waliikariri kwa kuyasema maneno mbele, kisha kurudi nyuma, kisha mbele tena, ili silabi isidondoke. Nikamkumbuka mzee wa Kizimkazi. Sikuingia, walikuwa katikati ya ibada.

Siku ya tatu na ya nne: barabarani

Boti kurudi Dar, kulala, basi la Mombasa alfajiri. Karibu na Segera gurudumu likapasuka, la akiba nalo likawa halina upepo, tukakaa saa tatu tunakula mahindi ya kuchoma. Tulipopita Muheza nilimpigia baba simu. Alikuwa shambani, akaniuliza kama nimekwenda kusali Mkunazini au nimekwenda kuhesabu nguzo. Horohoro mhuri, Lunga Lunga mhuri. Mombasa usiku wa manane, mgongo kama umefungwa kwa kamba.

Siku ya tano: Rabai

Matatu hadi Mazeras, bodaboda hadi Rabai juu ya kilima, minazi pande zote. Hapa ndipo Johann Ludwig Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walipojenga kituo chao mwaka 1846. Kanisa la mawe lililopo sasa ni la 1887, na kando yake kuna makumbusho madogo.

Krapf alikuwa Mjerumani aliyetumwa na misheni ya Kiingereza. Alianzia Ethiopia, ambako Wakristo walikuwa na Biblia yao ya Kigeezi tangu karne za mwanzo, na mlango ulipofungwa huko akaja pwani, 1844. Tarehe 8 Juni mwaka huo, akiwa Mombasa miezi michache tu, alianza kufasiri Mwanzo. Julai mkewe Rosine akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga naye akafa siku hizohizo. Kaburi liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Nilipokuwa mdogo nilidhani wafasiri ni watu wa kukaa kwenye viti vizuri.

Sasa, nani aliketi naye kuifasiri? Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin. Kadhi! Nimejaribu kuipata picha ile kichwani: mgeni wa Kizungu anayetetemeka kwa homa, karatasi mapajani, na mbele yake hakimu wa sharia ya Kiislamu ambaye habari za Adamu na Nuhu anazijua kwa njia yake, wanatafuta pamoja neno la Kiswahili. Sura tatu za mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki. Ndiyo Biblia ya kwanza ya Kiswahili kupigwa chapa, nayo ilipita kwenye ulimi wa kadhi.

Nilimuuliza mlinzi wa makumbusho, mama wa Kirabai wa makamo, kwa lugha yao wanamwitaje Mungu.

"Mulungu," akajibu. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kaya, msitu wao mtakatifu, ulio bondeni. "Hata kabla ya hao wote. Kule kayani wazee walikuwa wakimwita Mulungu, hakuna kitabu."

Mwenye Biblia husema Mungu, mwenye Msahafu wa Kiswahili husema Mwenyezi Mungu, na neno lenyewe halikutoka Makka wala Yerusalemu wala Wittenberg kwa Luther. Ni la wenyeji, ndugu wa huyu Mulungu wa kayani. Vitabu vya zamani vya misheni ya Unguja viliandika Muungu, kwa u mbili. Wafasiri wote, wa pande zote, walipofika kwenye neno kubwa kuliko yote hawakuthubutu kuleta la kwao. Dini isiyo na andiko ndiyo iliyowakopesha. Kaya za Wamijikenda ziliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2008, lakini kwenye vitabu vya shule nilivyosoma zilitajwa kwa mstari mmoja, chini ya kichwa cha habari "imani za jadi", kama vile ni mlango wa kupitia kuelekea sura inayofuata.

Mama yule hakuniruhusu kushuka kayani. Sharti wazee, na wazee hawakuwepo. Sawa.

Siku ya sita: Mombasa, Mji wa Kale

Asubuhi niliingia duka la vitabu nyembamba kama ushoroba, muuzaji kijana wa miaka ishirini na kitu, juzuu amma zimepangwa kwa mafungu kama mikate. Nilimwambia kazi yangu, akanitolea vitabu vya marehemu babu yake, ambavyo haviuzwi.

Hapo nikaishika hasira ya 1923. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa magazeti hapa Mombasa, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawahimiza Waislamu waisome dini yao kwa lugha wanayoielewa, naye akaanza kuifasiri Kurani mwenyewe. Alifariki 1947 kazi haijaisha. Mwaka 1953 Waahmadiyya, jumuiya iliyo mbali na Masunni, wakatoa yao Nairobi, chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, na miongoni mwa waliomsaidia alikuwamo mshairi Amri Abedi. Masunni hawakuikubali. Ndipo Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mwalimu wa Unguja aliyehamia Kenya na kuwa Kadhi Mkuu 1968, akatoa Qurani Takatifu mwaka 1969, na katika utangulizi akawajibu wote wawili, padri na Waahmadiyya. Ukiisoma unamsikia mwalimu wa darasani, mabano yamejaa: akifasiri neno anageuka kukueleza, akikueleza anarudi. Wapo wanaosema mabano ni mengi mno. Mimi nayapenda. Fundi huacha alama za mkono wake.

Nikamuuliza kijana, wanaposwali wanasoma ipi?

"Ya Kiarabu, mzee wangu. Hizi ni za kuelewa. Zile ni za kusoma."

Kwa Wakristo haikuwa hivyo. Wao tafsiri ndiyo inayosomwa madhabahuni, na kwa hiyo waligombania lahaja. Watu wa Mombasa hawakuitaka Biblia ya Kiunguja. Misheni ya huku ikatoa yake ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, mwaka 1914, kazi iliyoanza na W. E. Taylor, Mwingereza aliyekaa chini ya wajuzi wa hapa hadi akayajua mashairi ya Muyaka, mshairi wa Mombasa. Kisha mkutano wa 1928, hapahapa Mombasa, ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Biblia ya Kimvita ikaanza kufa. Mjerumani Karl Roehl akatoa ya tatu 1937, akijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu, maana aliona yamezidi. Hatimaye 1952 ikaja Biblia ya muungano, ile anayoijua kila mtu: "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Maneno ya Kiarabu yalibaki. Mtu hawezi kuyang'oa yale bila kuung'oa ulimi wenyewe. Lakini Kimvita nimekililia. Nimewahi kujalidi Biblia moja tu ya 1914 maishani, na mwenye nayo hakuja kuichukua. Iko kabatini mwangu hadi leo.

Siku ya saba: Lamu

Basi mchana kutwa, vizuizi vya askari, Garsen joto kama tanuri, kisha Mokowe na mashua. Nililala kama gunia.

Siku ya nane: Lamu bado

Nilipangiwa chombo cha kwenda Pate asubuhi. Nilichelewa dakika kumi kwa sababu ya mahamri. Nahodha alishaondoka, maji hayamngoji mtu anayekula. Ndivyo nilivyopata siku nzima ya Lamu ambayo sikuiombea.

Nilikwenda Riyadha. Msikiti na chuo hiki vilianzishwa karibu na mwaka 1900 na Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, akafungua darasa lake kwa watu ambao waungwana wa mji hawakutaka kukaa nao jamvi moja. Miswada ya pale, ya Kiarabu na ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, imepigwa picha za kidijitali ili hata ikiliwa na mchwa isipotee. Niliambiwa picha zinatosha. Kwa msomaji, ndiyo. Fundi lakini huangalia uzi, na uzi hauonekani kwenye picha.

Barazani mzee mmoja alinirekebisha neno. Nilisema "vitabu vya kale", akasema kwao kitabu ni chuo. Kweli! Mswada wa utenzi wa Herekali, wa Pate, wenye tarehe ya 1728, huitwa Chuo cha Herekali. Ni habari ya vita vya Tabuki na mfalme wa Rumi. Mwanachuoni ni mtu wa kitabu, na madrasa nayo ikaitwa chuo, kwa jina la kitu kinachosomwa ndani yake. Baadaye chuo kikapaa kikawa chuo kikuu, na huku Dar "buku" limekuwa noti ya elfu moja. Sijui tuseme lugha imepanda au imeshuka. Na mswada mmoja wa Herekali ulipelekwa Ujerumani, Halle, mwaka 1854. Aliyeupeleka? Krapf. Alileta chuo, akachukua chuo.

Siku ya tisa: Siyu

Safari hii nilikuwa gatini kabla ya nahodha. Mashua hadi Mtangawanda, bodaboda kwenye njia ya mchanga. Upande mmoja wa kisiwa hiki kuna magofu ya Shanga, ambako Mark Horton alichimba miaka ya 1980 akakuta chini ya msikiti wa mawe matundu ya nguzo za misikiti ya miti, mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa wa karne ya 8. Sikuwa na muda wa kwenda. Siyu ndiyo niliyoitaka, kwa sababu karne ya 18 na ya 19 mji huu ulikuwa ukiandika Misahafu kwa mkono, kwa karatasi iliyotoka Ulaya kwenye majahazi, kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Leo ni kijiji cha nyumba za mawe na makuti, ngome imekaa mdomoni mwa mkondo wa mikoko.

Nahodha alikuwa ameninong'onezea nyumba ya mzee mmoja. Nilipiga hodi, nikajieleza, nikapewa mkeka na kahawa. Baada ya kikombe cha pili akaingia ndani akatoka na kifurushi cha kitambaa cheupe, akakiweka juu ya marufaa, kibao cha kusomea Msahafu. Juzuu tatu za Kurani, zilizobaki katika thelathini. Jalada la ngozi limekauka kama gamba la mti, uzi umekatika, kurasa zimelegea na za katikati zimechanganyika.

"Fundi wa Dari Salama," akasema, "waweza kukifunga?"

"Naweza, mzee wangu."

"Una udhu?"

"Mimi Mkristo, mzee."

Akanyamaza. Nikarudisha mikono yangu mapajani. Kuku akapita, akafukuzwa. Kisha akageukia uani akaita, "Ndoo," yaani njoo, "mwanangu, katie udhu!" Akaja mjukuu wake wa kike, miaka kumi na miwili hivi, maji yakimchuruzika viwikoni, ushungi ameufunga vizuri.

Nikatoa sindano, uzi wa pamba na kipande cha nta, nikaviweka mkekani, yeye akavichukua. Kwanza kupanga kurasa, kwa maana hazina namba. Nikamwonyesha kwa mbali pembe ya chini ya ukurasa, ambapo mwandishi aliandika neno moja peke yake, limelala mshazari, nje ya mstari: ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Alimwachia alama mtu atakayekifunga, yaani mimi, au huyu mtoto. Akalisoma. Akatafuta ukurasa unaoanza nalo. Akalisoma jingine. Kwenye la nne hakutafuta tena, aliendelea kusoma aya kwa kichwa huku mkono ukichagua ukurasa, na babu yake akawa anamfuatisha chinichini.

"Sasa kunja fungu hili, tafuta matundu ya zamani," nikamwambia. "Usitoboe mapya. Ingia kwa tundu la katikati, toka la juu. Usivute sana, karatasi ni mzee."

"Karatasi ni babu," akasema, na wote tukacheka.

Uzi ukapita. Fungu la kwanza, la pili, mnyororo ukaanza kuonekana mgongoni. Wekundu wa vichwa vya sura ulikuwa mbichi kama umetiwa jana. La tatu akakosea, akafumua mwenyewe bila kuambiwa. Tulikuwa kwenye la tano nahodha aliposimama mlangoni, suruali imekunjwa magotini, akasema maji yatoka, asiyepanda sasa atalala Siyu.

Nikamwachia mtoto sindano na nta. Alikuwa ameshaanza la sita, hakuinua kichwa.